Aliyetoka Bububu na Kile Kilichobaki

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia barazani kwangu hapa Bububu bi mkubwa mmoja wa mtaani. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akakaa. Tukaulizana hali za watu wa nyumbani, habari za mvua na bei ya unga. Nilimwona ana jambo, maana alikuwa akiikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake. Hatimaye akasema:

"Mwanangu, wewe ni mtu wa redio, unasoma mambo mengi. Hebu niambie, mtu akishaitoka dini yake, hubakiwa na nini?"

Sikumjibu pale pale. Nilijua swali limetoka wapi. Mwanawe wa pili yuko Ulaya, huu ni mwaka wa tisa. Kabla ya Ramadhani iliyopita alimwambia mama yake kwa simu kwamba haswali tena wala hafungi, na kwamba amechoka kumdanganya kila anapoulizwa. Baba yake alipopata habari hiyo alisema jina la kijana yule lisitajwe tena ndani ya nyumba yake. Tangu siku hiyo mama huzungumza na mwanawe akiwa jikoni, mlango umerudishwa, kwa sauti ya chini kama mtu anayefanya wizi.

Nilimwambia, "Mama, mimi si sheikh wala si kadhi. Hukumu ya mtu aliyeritadi wanayo wenyewe wenye elimu yao. Mimi kazi yangu ni habari. Lakini ipo habari moja ya zamani inayolihusu swali lako, na sehemu yake imepita hapa hapa tulipokaa."

Habari niliyomsimulia siku ile ndiyo ninayokuletea leo, msikilizaji, na mwenyewe bi mkubwa amenipa ruhusa.

Ukitoka mjini kwa gari ya 502, kabla hujafika Bububu unapita Mtoni. Pale, kando ya bahari, ziko kuta za magofu ya Bet il Mtoni, jumba la Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Ndani ya jumba hilo, tarehe 30 Agosti 1844, alizaliwa binti yake Salme. Mama wa Salme, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Binti alikua miongoni mwa ndugu wengi, Kiarabu na Kiswahili vyote mdomoni, akisoma Kurani kwa mwalimu kama watoto wenzake. Siku zile mtoto wa kike alifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakufundishwa. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Naomba, msikilizaji, uuweke akilini mfupa huo wa ngamia, tutaurudia.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki baharini, akirejea Unguja kutoka Maskati. Salme alikuwa na miaka 12. Alihesabiwa kuwa mtu mzima, akakabidhiwa fungu lake la urithi, shamba na fedha, mkononi mwake mwenyewe. Miaka mitatu baadaye, 1859, kipindupindu kilipoingia kisiwani, mama yake naye alikufa. Mwaka huo huo Barghash alimwasi kaka yake Majid, aliyekuwa amekikalia kiti cha baba yao hapa Unguja. Salme, binti wa miaka 15, akavutwa upande wa Barghash, na kwa kuwa ndiye aliyejua kuandika, akafanywa karani wa uasi. Barua za siri ziliandikwa kwa mkono wake. Waingereza wakamsaidia Majid, uasi ukavunjika, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Majid hakumwadhibu dada yake. Salme akaenda kukaa shamba, kwanza Kizimbani, kisha akahamia hapa Bububu, karibu na bahari aliyoipenda tangu utoto wake wa Mtoni. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba jina la Bububu ni mlio wa gari moshi, lile lililojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza kazi mwaka 1905 kutoka mjini. Lakini Salme amelitaja jina la Bububu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1886, miaka 19 kabla ya gari moshi hilo. Basi wale wanaosema limetokana na maji ya chemchemi zetu yanavyobubujika huenda wako karibu zaidi na ukweli. Mtu anaweza kukaa mahali maisha yake yote, akaeleza jina la mahali hapo kwa uhakika kabisa, na asiwe sahihi.

Bububu hakukaa sana. Majid alimwomba aiache nyumba ile kwa ajili ya balozi wa Kiingereza, naye akakubali. Kwa kukubali, wale ndugu waliokuwa upande wa Barghash wakamwona amewasaliti. Akarudi mjini, mama hana, baba hana, ndugu wengi wamemgeuzia uso. Nyumba ya jirani alikaa mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, jina lake Heinrich Ruete. Mengine, msikilizaji, huhitaji kusimuliwa. Mwaka 1866 Salme alikuwa mjamzito, na kwa binti wa Sultani, na baba wa mtoto si Mwislamu, hilo halikuwa jambo la kuonewa huruma. Agosti ya mwaka huo, usiku, aliingia katika manowari ya Kiingereza Highflyer, akaondoka kwenda Aden.

Aden alikaa miezi tisa akimsubiri Ruete amalize shughuli zake Unguja. Mtoto akazaliwa huko. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akaitwa Emily, siku hiyo hiyo akaolewa, na siku hiyo hiyo wakaanza safari ya Ulaya. Kichanga chao kilifariki katika safari hiyo.

Hapo bi mkubwa alinikatiza. "Basi huyo aliitoka dini kwa mapenzi," alisema. "Wangu hakuna aliyempenda wala aliyempendeza. Kaniambia tu kwamba moyo umekauka."

Nilimkubalia kwamba Salme aliitoka dini kwa mapenzi na kwa hofu ya maisha yake, hakuitoka kwa kufikiri sana. Lakini kuiacha dini na kuipoteza imani ni mambo mawili. Kuiacha kulimchukua siku moja ya Mei. Kuipoteza kulichukua miaka. Ziko barua alizoziandika kumweleza rafiki wa nyumbani maisha yake ya Ujerumani. Maishani mwake hazikuchapishwa. Zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993. Humo ameeleza kwamba alibatizwa akiwa na mafundisho kidogo mno, na kwamba kwa muda mrefu alikuwa Mkristo wa nje na Mwislamu wa ndani. Hamburg ya siku zile haikuwa na adhana. Hakukuwa na mtu wa kufuturu naye, wala wa kumpa mkono wa Idi. Imani aliyoizoea katika nyumba ya watu mamia ikabaki ya mtu mmoja, ndani ya nguo za kigeni, katika baridi. Na ile mpya haikushika. Alipokuja kujipima mwenyewe, aliona kwamba si Mwislamu yule aliyeondoka Unguja, si Mkristo aliyetimia, wala si Mjerumani kamili.

Kisha likaja pigo lenyewe. Mwezi wa Agosti 1870 Heinrich Ruete aligongwa na tramu, ile ya kukokotwa na farasi, akafa. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26. Alikuwa na watoto watatu, Antonie, Rudolph na Rosalie. Wa mwisho hajafikisha miezi minne. Mwanamke aliyepewa mali yake mkononi akiwa na miaka 12 kwa sheria ya Kiislamu, sasa kwa sheria za Hamburg za wakati ule aliwekewa walezi wanaume juu ya watoto wake mwenyewe. Na mtu wa namna hii, usiku watoto wamelala, amwombe nani, kwa lugha gani? Dua za utotoni alihisi amezipoteza haki yake. Sala za kanisani zilikuwa maneno ya watu wengine.

Ndugu msikilizaji, bi mkubwa aliniuliza kama mtu aliyekuwa na imani kweli anaweza kufikwa na ukavu huo. Nilimjibu kwa mifano miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo.

Ule mkubwa ni wa Imamu Ghazali, ambaye jina lake halikosi katika darsa za misikiti yetu. Katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dhalal amesimulia mwenyewe kwamba alipata kushikwa na shaka kwa muda wa karibu miezi miwili, shaka kubwa hata hakuwa na hakika na yale anayoyaona kwa macho yake. Na mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa wa Nidhamiya ya Baghdad, alipatwa na dhiki nyingine ya nafsi, ulimi ukafunga asiweze kufundisha. Akaiacha kazi na heshima yake, akaenda Sham. Yeye alirudi katika yakini, na akaandika yote yaliyompata ili wengine wafaidike. Hakuona aibu kuandika.

Mfano mdogo ni wangu mimi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Mimi nilikuwa ripota kijana. Nilisimama ufukweni na kinasa sauti mkononi, nikiona maiti za watoto zikiteremshwa. Kwa siku nyingi baada ya hapo nilikuwa miongoni mwa waliosoma matangazo ya vifo redioni. Unayajua matangazo hayo, msikilizaji: fulani bin fulani, atazikwa mahali fulani, habari ziwafikie jamaa zake waliopo Wete, Mkoani, Dar es Salaam. Kwa miezi mingi niliingia msikitini, nikasimama katika safu, midomo inasema na ndani hakuna kitu. Hakuna aliyejua. Nilichokuwa nacho siku zile kilikuwa ni yale majina. Nilijiambia: haya angalau nitayasoma vizuri, nisilikosee jina la mtu hata mmoja, maana huko Pemba yupo mama anayelisikiliza jina hilo kwa mara ya mwisho redioni. Sikuwa na hakika ya jambo lolote jingine, lakini hilo nililijua kuwa ni la haki. Nilishikilia hapo mpaka nikaweza kusimama tena. Leo naswali, na sala yangu haifanani na ile ya kabla ya Septemba ile. Siku hizi inasikiliza zaidi kuliko inavyosema.

Nasema haya kwa sababu nadhani Salme naye alishikilia kitu cha namna hiyo.

Alikuwa na watoto watatu wasioijua nchi ya mama yao. Miaka saba hivi baada ya kufiwa, akiwa dhaifu wa mwili na akihofia kwamba atakufa kabla watoto hawajakua, aliamua kuwaandikia habari za maisha yake ili wajue mama yao ni nani na ametoka wapi. Akaanza. Aliandika habari za Bet il Mtoni, vyakula, mavazi, arusi, dawa, mashamba, safari za baba yake, msiba wa baba yake. Maandishi hayo yakawa kitabu, kikachapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na kinahesabiwa kuwa ni kitabu cha mwanzo kujulikana ambamo mwanamke wa Kiarabu ameyaeleza maisha yake mwenyewe. Nilikutaka uukumbuke mfupa wa bega la ngamia, msikilizaji. Mkono uliokiandika kitabu hicho ulijifunzia kwenye mfupa ule, na herufi za mwanzo ulizoziandika zilikuwa za Kurani.

Nilipokisoma kwa mara ya kwanza nilitaraji kukuta mtu anayeikejeli dini aliyoiacha, kama wafanyavyo wengine wanaotaka kuwafurahisha wenyeji wao wapya. Sikuyakuta hayo. Ipo sura nzima ya Ramadhani, ziko sura za Idi mbili, na zimeandikwa kwa mapenzi ya mtu anayeeleza nyumba aliyozaliwa. Pale ambapo Wazungu wa zama zake waliwadharau wanawake wa Kiislamu, yeye aliwatetea. Imani ilikuwa imemponyoka, lakini heshima haikumponyoka.

Si kwamba kila alichokihifadhi kilistahiki kuhifadhiwa. Katika kitabu hicho hicho aliutetea utumwa, na akawalaumu Waingereza kwa namna walivyoupiga marufuku. Binti huyu aliishi kwa jasho la watumwa katika mashamba haya haya ya karafuu tunayoyapita, na wengi wetu hapa ni wajukuu wa waliolitoa jasho hilo. Mwaka 2019 mji wa Hamburg ulikiita kiwanja kimoja kwa jina lake, na mwaka 2020 ikaamuliwa kwamba jina hilo liondolewe, kwa sababu ya maneno yake hayo. Sisi hatuna haja ya kumfanya walii. Tunamtazama kama binadamu, mwenye doa lake, aliyepoteza kitu kikubwa na akalazimika kuendelea kuishi.

Sasa nije kwenye upande wa pili wa habari hii, upande wa wale waliobaki nyumbani.

Mumewe Salme alifariki Agosti 1870. Miezi miwili baadaye Majid naye alifariki, na aliyerithi kiti ni Barghash, kaka yule yule ambaye Salme alimwandikia barua za uasi akiwa na miaka 15. Ungedhani mjane amepata mtetezi. Barghash hakumsamehe. Mwaka 1875 alipofanya ziara London, Salme alikwenda huko kumwona, na Waingereza wakamzuia kwa sababu zao za siasa. Mwaka 1885 alirudi Unguja baada ya miaka 19, akiwa pamoja na manowari za Kijerumani, maana Bismarck naye alimwona kuwa ni kadi nzuri ya kuchezea. Watu wa mjini walimsalimu njiani kwa furaha. Alikwenda Mtoni, akaikuta nyumba aliyozaliwa imekuwa gofu. Lakini mlango wa kaka haukufunguliwa. Urithi aliodai kutoka kwa ndugu zake waliokufa hakuupata, na salamu pia hakuipata.

Barghash hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyeyavuta maji ya chemchemi za huku kwetu mpaka mjini, watu wakanywa maji safi. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib. Aliwapa maji maelfu ya watu asiowajua, na neno moja kwa dada yake lilimshinda. Naielewa sababu yake. Katika macho yake dada ameritadi, ameivunja heshima ya ukoo, na amekuja chini ya bendera ya wageni wenye tamaa na nchi. Kwa hesabu za siasa, huenda alikuwa na haki. Nauliza tu, hesabu ya nyumbani aliifanya lini?

Salme hakurudi Hamburg kutulia. Kuanzia mwaka 1889 alikaa Yafa, kisha kuanzia 1892 mpaka 1914 akakaa Beirut, zaidi ya miaka ishirini, katika nchi ambayo Kiarabu kinazungumzwa sokoni na adhana na kengele husikika katika mji mmoja. Sijui mahali pengine duniani ambapo mtu wa namna yake, asiye wa huku kamili wala wa kule kamili, angepumua vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika utawala wa Sayyid Khalifa bin Harub, Zanzibar ilimkubalia posho ndogo ya mwaka. Tarehe 29 Februari 1924 alifariki mjini Jena, Ujerumani, akiwa na miaka 79, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf pamoja na ukoo wa mumewe. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, kikazikwa pamoja naye.

Mwanawe Rudolph, mtoto aliyekuwa na mwaka mmoja tu baba yake alipofariki, mwaka 1929 alichapisha kitabu cha maisha ya babu yake, Sayyid Said bin Sultan. Maana yake ni kwamba watoto waliuelewa ujumbe. Mama hakuweza kuwarithisha dini yake wala mali yake, akawarithisha kumbukumbu, nayo ikafika. Na ilifika mpaka huku. Jumba la Makumbusho la Kasri lilipofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1994, chumba kimoja kilitengwa kwa habari zake. Mlango uliofungwa na kaka ulifunguliwa na vitukuu, baada ya miaka zaidi ya mia.

Kwa hiyo, msikilizaji, mtu akishaitoka dini yake hubakiwa na nini? Jibu nililompa bi mkubwa ni hili. Kwa Salme kulibaki watoto wa kuwalea, na aliwalea. Kulibaki kalamu, na aliitumia. Yalibaki mapenzi ya mahali alipozaliwa, mpaka kaburini. Ilibaki adabu kwa dini ya wazazi wake. Sikusema kwamba hivyo vinatosha mbele ya Mungu; hilo analijua Mwenyewe. Nimesema ndivyo vilivyobaki, na kwa vitu hivyo aliishi miaka zaidi ya 53 baada ya kufiwa na mumewe bila ya kuangamia. Kilichokaribia kumwangamiza, ukimsoma mwenyewe, ni kukosa mtu wa nyumbani wa kumjibu. Zile barua zenyewe ni ushahidi. Mtu huandika kurasa mamia kumwandikia rafiki wa nyumbani kwa sababu nyumbani hakuna anayemsikiliza.

Bi mkubwa alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na huyo kaka yake, walikuja kuonana tena?"

"Hawakuonana, mama. Barghash alifariki Machi 1888. Salme alirudi Unguja mara ya pili mwaka huo huo, kaka hayupo tena."

Akatikisa kichwa, akasimama, akajifunga kanga yake vizuri. Maghribi ilikuwa imekaribia. Alipofika kwenye ngazi akageuka.

"Kipindi chako ni siku gani? Mzee redio haimpiti."

Nilimwambia siku. Akasema, "Basi yaseme yote haya kama ulivyoniambia mimi. Mimi nikisema ataondoka kwenye mkeka. Redio hawezi kuinukia."

Kwa hiyo, mzee wangu, jina lako sikulitaja na sitalitaja, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili jirani asikutambue. Lakini wewe umeshajitambua. Sikuombi uyakubali aliyoyasema mwanao, wala sikuombi uache kumwombea. Muombee usiku na mchana, hiyo ni haki yako na yake. Siijui kesho ya kijana yule. Yawezekana yakamtokea ya Ghazali akarudi, na yawezekana yakamtokea ya Salme akabaki katikati mpaka mwisho. Hayo mimi na wewe hatuyaamui. Linaloamuliwa kwako ni dogo: lile jina. Mimi nimesoma majina mengi redioni, mzee wangu, na nakuhakikishia kwamba jina la mtoto ni bora kutajwa nyumbani wakati mwenyewe bado yuko upande wa pili wa simu na anaweza kuitika.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.